Richard St. Barbe Baker, Mtu wa Miti

Ndugu zetu wa Gombani, mlioko nyumbani na mlioko ng'ambo, mwaka huu tunakumbushana maisha ya Richard St. Barbe Baker, kwa sababu fedha tunazochangishana safari hii ni za kitalu cha miti.

Baker alizaliwa Uingereza tarehe 9 Oktoba 1889. Mwaka 1920 alikuja Kenya kuwa bwana misitu wa serikali ya kikoloni, akakuta misitu mingi imeshafyekwa kwa ajili ya mashamba. Wenyeji nao walikuwa wamechoshwa na kazi za lazima. Mwaka 1922, pamoja na Chifu Josiah Njonjo wa Kikuyu, aliifanyia kazi ya miti ngoma yake. Vijana walikuja kwa hiari, na waliochaguliwa wakaapa kupanda miti kumi kila mwaka na kuitunza. Chama chao kiliitwa kwa Kiswahili, Watu wa Miti, kisha kikaenea hadi Uingereza na nchi nyingine.

Katika miaka ya 1930 Baker alifika Marekani, ambako vijana wengi hawakuwa na kazi. Mwenyewe alisimulia kuwa alimshauri Franklin Roosevelt awapeleke misituni. Makambi ya serikali ya kuhifadhi misitu na udongo yalifunguliwa mwaka 1933, yakadumu hadi 1942, na vijana kiasi cha milioni tatu wakayapitia. Mshahara ulikuwa dola 30 kwa mwezi, na 25 kati ya hizo zilipelekwa moja kwa moja kwa wazee wao. Dhuluma nayo ilikuwepo, kwani vijana weusi walitengwa katika makambi yao. Hata hivyo, mabilioni ya miti yalipandwa.

Baker alifariki Kanada tarehe 9 Juni 1982, akiwa na miaka 92.

Kwetu miche hupandwa siku ya sherehe, picha zikapigwa, kisha ikaachiwa mbuzi. Mchumaji karafuu hulipwa kwa pishi alizozileta, si kwa kupanda juu ya mkarafuu. Vivyo hivyo, mchango wenu utawalipa vijana wetu kwa kila mche utakaokuwa hai baada ya masika ya pili, si kwa kila mche uliotiwa shimoni. Hesabu yake tutaisoma mbele ya mkutano mkuu. Kijana apate cha kupeleka kwao, na mti upate wa kuulinda. Tunaomba mchango wako.