Raiffeisen: Meya aliyegeuza sadaka kuwa akiba

Mkulima anayekwenda SACCOS kuweka shilingi chache baada ya mavuno, au mama wa genge anayepata mkopo kwa kudhaminiwa na wenzake wawili, huenda hajawahi kusikia jina la Friedrich Wilhelm Raiffeisen. Hata hivyo, utaratibu anaoutumia, wa wanachama kukopeshana fedha zao wenyewe na kudhaminiana wao kwa wao, kwa sehemu kubwa ulijengwa na mtu huyo katika vijiji maskini vya Ujerumani, zaidi ya miaka 150 iliyopita.

Raiffeisen hakuwa mchumi wala mtu wa benki. Alikuwa ofisa wa serikali ya mtaa na Mkristo wa Kiprotestanti aliyesumbuliwa na swali moja: Mkristo afanye nini mbele ya jirani anayenyang'anywa ng'ombe wake kwa sababu ya deni?

Siku hizi swali hilo lina majibu mengi. Wapo wanaohubiri kwamba umaskini ni laana na kwamba anayetoa mbegu kubwa madhabahuni atavuna mara mia, hata kama mbegu hiyo ni ada ya mtoto. Wapo pia wanaosema maskini avumilie tu, malipo yake yako mbinguni. Raiffeisen hakushika njia yoyote kati ya hizo. Alikuwa na jibu lake, nalo lilimshinda kazini, ikabidi alibadilishe hadharani. Hapo ndipo penye somo kwa mkulima na mfanyabiashara mdogo.

Kijana wa kijijini

Alizaliwa Machi 30, 1818, katika mji mdogo wa Hamm, kando ya mto Sieg, magharibi mwa Ujerumani. Alikuwa mtoto wa saba kati ya tisa. Baba yake alikuwa mkulima na kwa kipindi fulani meya wa pale, lakini alipougua na kushindwa kazi, mzigo wa familia ulimwangukia mama, mwanamke mcha Mungu.

Fedha za kumpeleka shule ya juu hazikuwapo. Mchungaji wa Hamm alimchukua akamfundisha kwa miaka mitatu, na imani aliyoipata katika nyumba hizo mbili, ya mama na ya mchungaji, hakuiacha hadi kufa.

Mwaka 1835, akiwa na miaka 17, alijiunga na jeshi la Prussia katika kikosi cha mizinga. Angeweza kupanda cheo, lakini macho yalianza kuugua na mwaka 1843 akalazimika kuacha jeshi. Akaingia katika utumishi wa serikali, na mwaka 1845 akapewa umeya wa Weyerbusch, eneo lenye vijiji zaidi ya 20 katika milima ya Westerwald. Asidhani msomaji kuwa huo ulikuwa umeya wa jiji. Kazi yake ilifanana zaidi na ya mtendaji wa kata: barabara, shule, kodi na ugomvi wa mipaka.

Ardhi ya Westerwald ilikuwa hafifu, baridi kali, na mashamba madogo. Ukabaila ulikuwa umefutwa na mkulima alikuwa huru, lakini uhuru huo haukuja na mtaji. Alipohitaji mbegu, ng'ombe au fedha za kulipia deni, benki za mjini hazikumjua. Aliyemjua ni mkopeshaji wa riba.

Njaa ya 1846

Mwaka 1846 mavuno ya nafaka yalikuwa mabaya. Viazi navyo vilikuwa vimeshambuliwa na ugonjwa uleule wa ukungu unaowasumbua wakulima wa viazi wa Njombe na Mbeya hadi leo. Kufikia majira ya baridi watu wa Weyerbusch walikuwa na njaa. Serikali ilileta unga, lakini kwa amri kwamba uuzwe kwa fedha taslimu tu. Aliyekuwa na njaa hakuwa na fedha, na aliyekuwa na fedha hakuwa na njaa.

Meya huyo kijana, miaka 28 tu, aliamua kutoifuata amri hiyo. Aliwakusanya wenye uwezo wa eneo lake, wakachanga fedha na kuunda chama cha mkate. Maskini walipewa unga kwa mkopo, kwa kuandikiana hati ya deni. Chama kilinunua nafaka zaidi kutoka nje, kikajenga tanuri la kuokea, na mkate ukauzwa kwa bei nafuu kuliko ya madukani. Baadaye kilinunua pia mbegu za kupanda.

Kwa Raiffeisen huo ulikuwa Ukristo kwa vitendo. Aliyeshiba alimlisha mwenye njaa, kama Injili ya Mathayo sura ya 25 inavyofundisha kwamba anachotendewa mdogo anatendewa Bwana mwenyewe.

Ng'ombe wa kukodishwa

Mwaka 1848 alihamishiwa Flammersfeld, na huko alikutana na adui mwingine. Wafanyabiashara wa mifugo walimpa mkulima ng'ombe bila kumwuzia. Mkulima alimlisha na kumtunza, lakini mali ilibaki ya mwenye ng'ombe, ambaye alikula sehemu kubwa ya faida na aliweza kumchukua mnyama wake wakati wowote. Wengine walikopa kwa riba iliyopanda mwaka hadi mwaka, mpaka shamba likaondoka.

Mwaka 1849 Raiffeisen aliunda chama cha kuwasaidia wakulima wasio na uwezo. Matajiri wapatao 60 walikubali kubeba dhamana kwa pamoja. Kwa dhamana hiyo chama kilipata fedha, kikanunua ng'ombe na kuwauzia wakulima, walipe polepole kwa miaka mitano. Ng'ombe sasa alikuwa wa mkulima, na ndama pia.

Alipohamia Heddesdorf, karibu na Neuwied, mwaka 1852, alipanua mawazo yake. Chama alichokianzisha huko mwaka 1854 kilikusudia mambo mengi: kulea watoto waliotelekezwa, kuwatafutia kazi waliotoka gerezani, kununua mifugo, na kukopesha.

Sadaka ilipochoka

Tatizo lilijitokeza polepole. Matajiri waliojiunga kwa moyo wa huruma walianza kuchoka. Walibeba hatari ya mikopo ambayo wao hawakuikopa, na kila mwaka waliombwa waendelee. Mmoja mmoja walijitoa. Kwa upande wa pili, waliokopa hawakuwa wanachama. Walikuwa wapokeaji tu. Hawakupiga kura, hawakujua hesabu, na chama kikiyumba hawakuwa na la kupoteza.

Hermann Schulze-Delitzsch, aliyekuwa akiunda vyama vya mikopo vya mafundi na wafanyabiashara wa mijini, alikuwa ameshamweleza kuwa chama cha hisani hakitadumu. Neno hilo lilikuwa gumu kwa Raiffeisen. Aliamini kwa dhati kwamba ni wajibu wa tajiri Mkristo kumsaidia maskini, na kukubali kwamba njia hiyo imeshindwa kulikuwa kama kukubali kwamba upendo wenyewe umeshindwa.

Lakini hesabu za chama zilimshinda. Mwaka 1864 chama cha Heddesdorf kiligeuzwa kuwa chama cha mikopo ambamo anayetaka kukopa sharti kwanza awe mwanachama. Maskini hakuwa tena mgeni mlangoni. Akawa mwenye nyumba.

Kanuni zake

Mfumo aliounda ulikuwa na masharti machache. Kwanza, eneo la chama liwe dogo, ikiwezekana parokia moja, ili watu wajuane tabia. Aliyekuwa mlevi au mvivu alijulikana kabla hajajaza fomu.

Pili, wanachama wote walibeba deni la chama kwa mali zao zote. Chama kikishindwa kulipa, shamba la kila mmoja lilikuwa rehani. Sharti hilo linatisha, lakini ndilo lililomfanya mkulima asiye na kitu aaminiwe na wenye fedha, na ndilo lililomfanya kila mwanachama afuatilie hesabu kwa jicho kali.

Tatu, mkopo ulitolewa kwa kazi maalumu, ukiwa na wadhamini, na kwa muda unaolingana na kazi hiyo. Nne, viongozi hawakulipwa mshahara. Mtunza fedha peke yake ndiye aliyelipwa, naye hakuwa na kura ya kuamua nani akopeshwe. Tano, faida haikugawanywa. Iliingia katika mfuko wa akiba wa chama, usiogawanyika hata wanachama wakitaka.

Kanuni hizi zilitokana na imani yake kuhusu mali. Kwake utajiri haukuwa dhambi wala cheti cha kuthibitisha kwamba Mungu anampenda mtu. Ulikuwa amana, na mwenye amana atatoa hesabu. Umaskini nao hakuuona kuwa laana. Aliuona kuwa hali yenye sababu zinazoonekana, kama riba, ukosefu wa mbegu, ukosefu wa barabara na ujinga wa hesabu. Sababu hizo ziliweza kushughulikiwa kwa kazi na akiba. Maombi hakuyaacha, lakini hakuyatumia kuchukua nafasi ya daftari la chama.

Kipofu aliyeuza mvinyo

Wakati mawazo yake yakikomaa, maisha yake yalikuwa yakibomoka. Mkewe Emilie, aliyemwoa mwaka 1845, alifariki mwaka 1863. Kati ya watoto wao saba, watatu walikufa wadogo. Macho yalizidi kufifia, na mwaka 1865, akiwa na miaka 47 tu, alistaafishwa kwa ugonjwa. Pensheni ilikuwa ndogo, hivyo ilimbidi atafute riziki kama mfanyabiashara mdogo yeyote. Alijaribu kiwanda cha sigara, hakikufanikiwa. Akaingia katika biashara ya mvinyo, nayo ikamlisha.

Akiwa karibu kipofu, mwaka 1866 alitoa kitabu kuhusu vyama vya mikopo vya vijijini. Binti yake mkubwa, Amalie, ndiye aliyekuwa macho na mkono wake, akiandika alichotamka baba yake. Kitabu hicho kilichapishwa mara tano kabla ya mwandishi wake kufa.

Vyama vilipoongezeka, Raiffeisen aliona kwamba kijiji kimoja kikipata ukame wanachama wote hukwama kwa pamoja. Mwaka 1872 alianzisha Neuwied benki ya kuunganisha vyama, ili chenye ziada kikisaidie chenye upungufu, na mwaka 1876 ikafuata taasisi kubwa zaidi ya kitaifa.

Hapo ndipo ugomvi na Schulze-Delitzsch ulipopamba moto. Mwenzake huyo alidai chama kiwe na hisa, kigawe faida, na kikopeshe kwa miezi michache tu, kwa sababu fedha za waweka akiba zinaweza kudaiwa wakati wowote. Raiffeisen alijibu kuwa fundi wa mjini anauza bidhaa yake kila wiki, lakini ng'ombe hazai kwa miezi mitatu. Kila mmoja alikuwa na ukweli wake. Wakulima wengi hawakuogopa kununua hisa kwa sababu ya itikadi. Hawakuwa nazo fedha za kununulia.

Historia haina budi pia kutaja doa lake. Raiffeisen alishiriki chuki ya wakati wake dhidi ya Wayahudi, na aliwalaumu kama kundi kwa ulanguzi wa mikopo, ilhali wakopeshaji wa riba walikuwamo katika kila dini. Aliyefundisha kumpenda jirani hakumhesabu kila jirani.

Alifariki Machi 11, 1888, siku chache kabla ya kutimiza miaka 70. Aliacha vyama zaidi ya 400 katika shirikisho lake. Mwaka uliofuata sheria mpya ya ushirika ya Ujerumani iliruhusu dhamana yenye kikomo, na lile sharti la kuweka rehani mali yote likaanza kulegezwa.

Hadi kwetu

Mfumo wake ulivuka mipaka. Nchini Kanada, Alphonse Desjardins alijifunza kutoka vyama vya Ulaya na kuanzisha chama chake Quebec mwaka 1900, na kutoka Amerika Kaskazini aina hiyo ya vyama ilienea hadi Afrika. Benki ya Rabobank ya Uholanzi ilizaliwa kutokana na vyama vya wakulima vya mtindo huo, na herufi mbili za kwanza za jina lake zinatokana na Raiffeisen. Mwaka 2005 benki hiyo iliongoza kundi lililonunua asilimia 49 ya hisa za NMB hapa Tanzania.

Kwa mkulima wa leo, kilichobaki cha kutazama ni kanuni zenyewe. SACCOS nyingi zilizokufa hazikufa kwa kukosa wafadhili. Zilikufa pale wanachama walipoacha kuhudhuria mikutano, mtunza fedha akawa ndiye anayeamua nani akope, na mkopo wa mbolea ukageuka kuwa wa harusi. Kila moja ya makosa hayo meya wa Heddesdorf alikuwa ameliwekea ukuta.

Na kwa anayeombwa kupeleka akiba yake ya msimu madhabahuni kwa ahadi ya kuvuna mara mia, maisha ya Mkristo huyu yanatoa kipimo rahisi: aulize fedha hiyo itaandikwa katika daftari gani, nani analikagua, na jirani yake maskini atafaidika nini. Raiffeisen alitoa sana maishani mwake, lakini daima alitoa mahali ambapo hesabu zilisomwa mbele ya watu wote.