Evaristo Muyinda, Mpiga Marimba wa Mengo

Santuri za zamani za muziki wa Buganda zinapotajwa, jina la Kabaka ndilo hutangulia. Wapigaji wenyewe, waliotokwa na jasho juu ya mbao za marimba, mara nyingi hawatajwi kabisa. Kati yao yupo mmoja ambaye haifai jina lake lipotee, naye ni marehemu Evaristo Muyinda, aliyefariki mwaka 1993.

Muyinda alizaliwa Nabbale, katika nchi ya Kyaggwe, naye akawa mmoja wa wanamuziki waliotumikia kasri ya Kabaka Mutesa wa Pili huko Mengo. Ndani ya Lubiri kila kikundi kilikuwa na kazi yake: waliopiga makondere, waliopiga ngoma kumi na tano za entenga, na waliopiga akadinda, marimba kubwa yenye mbao 22 iliyohitaji watu sita.

Ustadi wa Muyinda ulijulikana zaidi katika amadinda, marimba yenye mbao 12 na wapigaji watatu. Mmoja huanza, wa pili, aliyeketi mkabala naye, hupiga katikati ya mapigo ya mwenzake, wa tatu hushika mbao mbili tu za mwisho. Ajabu ni kwamba wimbo unaosikika hapigi mtu mmoja peke yake. Huzaliwa pale mapigo yote yanapokutana, na mmoja akichelewa kidogo tu, wimbo hufa. Askari aliyepata kupiga kwata atalielewa jambo hili kwa urahisi.

Mnamo miaka ya 1950, Hugh Tracey na Klaus Wachsmann walinasa muziki wa kasri kwa mitambo yao. Wachsmann, aliyekuwa mkuu wa Jumba la Makumbusho la Uganda, alimwajiri Muyinda awapigie na kuwaeleza wageni ala za nchi. Hapo Muyinda alikusanya zeze, zumari, marimba na ngoma katika kundi moja, jambo ambalo halikuwa desturi ya kasri. Mwaka 1959 alifika kijana kutoka Austria, Gerhard Kubik, akaketi mbele yake kama mwanafunzi. Kwa maandishi ya Kubik, tungo za Mengo zikaanza kusomwa katika vyuo vikuu vya dunia.

Ndipo ikaja tarehe 24 Mei 1966. Majeshi ya serikali ya Milton Obote, yakiongozwa na Idi Amin, yaliishambulia Lubiri. Kabaka alitorokea Uingereza, akafia London mwaka 1969. Ala nyingi ziliharibika, wanamuziki wakatawanyika, na kasri ikageuzwa kambi ya jeshi. Mwaka 1967 falme zilifutwa kwa katiba. Ngoma za entenga zilinyamaza kwa karibu nusu karne kabla ya kufufuliwa.

Waliofyatua risasi siku ile walikuwa wakitii amri, na huenda wengi wao hawakujua kwamba nyuma ya ukuta ule palikuwa na elimu isiyoandikwa popote, iliyokaa katika mikono ya watu wachache. Nyumba iliyobomolewa hujengwa tena kwa matofali mengine. Wimbo ambao mjuzi wake wa mwisho ameondoka hauna fundi wa kuujenga.

Muziki wa marimba uliokoka kwa sababu Muyinda alikuwa amekwisha kuwafundisha wengine. Hakuufungia ujuzi wake ndani ya ukuta wa kasri, na baada ya kasri kuanguka hakuacha kufundisha. Falme zilirudishwa mwaka 1993, mwaka uleule alioaga dunia, na vijana waliotaka kuipiga amadinda walipata wa kuwaelekeza.

Asiye na silaha aliulinda urithi wa nchi kwa njia yake. Mwenye silaha naye, anapotumwa mahali, na akumbuke kuuliza kuna nini nyuma ya ukuta.