Bibi Mary Breckinridge na Halmashauri za Milimani

Katika nchi ya Marekani, upande wa mashariki wa jimbo la Kentucky, iko wilaya ya milima na mabonde membamba iitwayo Leslie. Miaka mia iliyopita wilaya hiyo haikuwa na reli wala barabara ya magari. Njia zake zilifuata vijito, na mara nyingi zilipita ndani ya maji yenyewe. Aliyetaka kusafiri alipanda farasi au nyumbu, ama alikwenda kwa miguu. Watu wapata 10,000 walikaa humo, wakilima mahindi kwenye miteremko, wala hapakuwa na daktari mwenye cheti aliyekaa kwao. Mama aliposhikwa na utungu aliitwa mkunga mzee wa jirani, na mambo yakizidi nguvu za mkunga, ilikuwa kazi kubwa kupata msaada mwingine. Habari tunayoieleza hapa ni ya mwanamke aliyekwenda kukaa huko mwaka wa 1925, na ya watu wasiopokea mshahara walioketi naye katika halmashauri ili kazi yake isimame.

Mary Breckinridge alizaliwa tarehe 17 Februari 1881 mjini Memphis. Ukoo wake ulikuwa mkubwa. Babu yake, John C. Breckinridge, alikuwa Makamu wa Rais wa Marekani, kisha akawa jemadari wa majimbo ya Kusini katika vita vya wenyewe kwa wenyewe. Na baba yake alikuwa balozi wa nchi yake huko Urusi. Binti huyo alisomeshwa Uswisi, wala hakuna aliyetazamia kwamba atafanya kazi ya mikono. Lakini mwaka wa 1906, miaka miwili tu baada ya harusi yake, mumewe alifariki. Ndipo alipoingia hospitali ya St. Luke's mjini New York kujifunza uuguzi, akamaliza mwaka wa 1910.

Akaolewa tena mwaka wa 1912, akazaa watoto wawili. Binti alizaliwa mwaka wa 1916 kabla ya wakati wake, akaishi saa chache tu. Mwana, aliyemwita Breckie, alifariki Januari 1918, naye alikuwa na umri wa miaka minne. Ndoa nayo ikavunjika, na Bibi Mary akarudia jina la ukoo wake. Tangu hapo aliazimu kuwatumikia watoto wa watu wengine waliokaa mbali na msaada.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza alikwenda Ufaransa kaskazini, mahali palipoharibiwa sana, akasimamia wauguzi waliozunguka vijijini kuwatazama mama na watoto. Huko alikutana na wauguzi Waingereza waliokuwa pia wakunga, akaona kwamba mtu wa namna hiyo ndiye afaaye kwa milima ya Kentucky. Mwaka wa 1923 alizunguka milima hiyo juu ya farasi, akiwauliza wakunga wazee habari za kazi yao. Kisha akavuka bahari tena, akajifunza ukunga mjini London, akafika hata Scotland. Huko serikali ilikuwa imeanzisha huduma ya tiba kwa ajili ya milima na visiwa vya kaskazini tangu mwaka wa 1913. Aliona wauguzi wakikaa kati ya watu maskini, na vyama vya wenyeji vikiwasimamia. Jambo hilo la pili aliliweka moyoni kama lile la kwanza.

Tarehe 28 Mei 1925, katika mji wa Frankfort, watu waliokubali wito wake walikutana wakaunda Halmashauri ya Kentucky kwa ajili ya Mama na Watoto. Mwaka wa 1928 jina likabadilishwa, likawa Frontier Nursing Service. Fedha za kuanzia zilitoka zaidi katika mali yake mwenyewe na urithi wake. Lakini alijua kwamba mali ya mtu mmoja yaisha, na kwamba nyumba iliyojengwa na mgeni mmoja, siku akiondoka mgeni, hubaki gofu. Kwa hiyo alitaka halmashauri za namna mbili, nazo zilikuwa tofauti kabisa.

Namna ya kwanza ilikuwa ya wenyeji. Kituo hakikujengwa mahali ambapo watu wenyewe hawakukitaka. Waliokitaka walipaswa kuchagua kati yao watu wanaoheshimiwa, nao wakatoa walichokuwa nacho: mmoja kiwanja, wengine magogo ya kujengea, wengine nguvu za mikono yao. Hivyo vikajengwa vituo sita kuzunguka mji wa Hyden, kila kimoja na wauguzi wake, farasi wao, na ng'ombe wa maziwa. Vilipangwa ili muuguzi asiwe na mwendo wa kupita maili 5 hivi mpaka nyumba ya mgonjwa. Msomaji aliyepata kuketi katika halmashauri ya zahanati ajua kwamba saa nyingi za mkutano hazihusu dawa, bali bati, uzio, na ni nani aliyeahidi akasahau. Sidhani kwamba wazee wa milimani walikuwa tofauti, ila kwao yaliongezeka majani ya farasi.

Faida kubwa ya halmashauri hizo, kwa maoni yangu, haikuwa magogo. Watu wa milima ile walikuwa na visasi vya ukoo na ukoo, na wengine walipika pombe kwa siri na kuwatilia shaka wageni wote. Wauguzi wengi walikuwa Waingereza na Waskoti, nao walipita njia zile hata usiku wa manane. Aliyekuwa na jirani yake mwenyewe katika halmashauri aliweza kuulizia habari za mgeni yule kwa mtu anayemfahamu. Bibi Mary naye aliwakataza wauguzi wasitie neno katika siasa, wala dini, wala pombe ile. Tena tukumbuke kwamba watu wa Leslie, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, walikuwa zaidi upande wa Kaskazini, na babu yake alikuwa jemadari wa upande wa pili. Hata hivyo walimpokea.

Namna ya pili ya halmashauri ilikuwa ya mijini: Louisville, Lexington, New York, Boston, Chicago na kwingineko. Hao zaidi walikuwa mabibi wenye mali na marafiki wengi, nao kazi yao ilikuwa kutafuta fedha. Jamaa za milimani walitozwa dola 1 kwa mwaka kwa uuguzi, na dola 5 kwa kumzalisha mama. Asiyekuwa na fedha alilipa kwa majani ya farasi, au kwa kazi. Malipo hayo yalitunza heshima ya wenyeji, lakini hayakutosha hata kidogo kwa gharama. Basi kila mwaka Bibi Mary alisafiri mji kwa mji akihutubu, na binti za mabibi hao wakaja kujitolea, wakiwatunza farasi na kupeleka barua. Mmoja wao, Marvin Breckinridge, wa ukoo wake, alipiga filamu ya kazi yote, ikatolewa mwaka wa 1931 na kuonyeshwa kwa wafadhili.

Hospitali ya mawe ilifunguliwa Hyden tarehe 26 Juni 1928. Aliyeifungua alikuwa Sir Leslie MacKenzie, mkubwa wa huduma ile ya Scotland, aliyevuka bahari kwa ajili hiyo.

Kisha ikaja miaka mibaya. Mwishoni mwa 1929 biashara ya Marekani ilianguka, na waliokuwa wakitoa mijini wakawa hawana cha kutoa. Mwaka wa 1930 mvua ilikosekana Kentucky, mahindi yakakauka. Mwaka wa 1931 Bibi Mary mwenyewe alianguka kutoka juu ya farasi, akavunjika uti wa mgongo. Tangu hapo alivaa mshipi wa chuma, na hata hivyo alirudi kupanda. Mishahara ikapunguzwa, na wauguzi wengine wakaondoka. Waliobaki walikubali kungoja malipo yao, na vituo havikufungwa. Hapo ndipo ilipoonekana kwa nini halmashauri zilikuwa za namna mbili. Za mijini zilipopungukiwa fedha, wenyeji hawakuwa na fedha za kuziba pengo, lakini nyumba zilikuwa zimesimama juu ya ardhi iliyotolewa na wao wenyewe.

Katika miaka hiyo hiyo kampuni ya bima ya Metropolitan Life ilizikagua hesabu za mama 1,000 wa kwanza waliozalishwa. Hakuonekana hata mmoja aliyekufa kwa sababu ya uzazi wenyewe. Wakati ule katika Marekani nzima walikufa kama 6 au 7 kwa kila watoto 1,000 waliozaliwa hai. Na hao 1,000 wengi wao walizaa nyumbani, katika vibanda vya magogo, kwa mwanga wa taa ya mafuta.

Si haki kumsifu tu. Halmashauri alizipenda, lakini neno la mwisho alilishika yeye kwa muda wa miaka 40, na sina hakika kwamba wazee wa vijito wangeweza kumpinga katika jambo kubwa. Wakunga wazee aliowauliza habari mwaka wa 1923 hawakupewa nafasi katika mpango wake, ingawa walikuwa wameshika kazi ile peke yao kwa vizazi vingi. Tena alikuwa na ubaguzi wa rangi wa watu wa tabaka lake: hakuajiri wauguzi weusi, naye alipowaomba fedha matajiri aliwasifia watu wa milimani kwa damu yao ya Kiingereza na Kiskoti. Chuki hiyo aliirithi pamoja na jina, na hakuiacha.

Vita vilipoanza Ulaya mwaka wa 1939, wauguzi Waingereza wengi walirudi kwao. Hapo akafungua shule ya ukunga papo hapo Hyden, ili wasitegemee tena watu wa kutoka nje. Mwaka wa 1952 alitoa kitabu cha maisha yake, kiitwacho Wide Neighborhoods.

Alifariki tarehe 16 Mei 1965, akazikwa Lexington. Aliyeshika nafasi yake alikuwa Helen Browne, mkunga Mwingereza aliyefanya kazi naye miaka mingi. Hospitali mpya yenye jina la Bibi Mary ilifunguliwa Hyden mwaka wa 1975, na mwaka wa 2011 ikachukuliwa na shirika jingine la hospitali za milimani. Shule ya ukunga ikakua ikawa chuo kikuu. Nyumba yake ya magogo, aliyoiita Wendover, bado iko juu ya mto, mwendo mfupi kutoka Hyden.