Sokoine: Waziri Mkuu aliyewatikisa walanguzi

WALIOKUWA na maduka mwaka 1983 hawajaisahau Machi ya mwaka ule. Sukari, sabuni, mafuta ya kupikia na khanga vilikuwa vimeadimika, na mwenye kuvipata alivipata kwa bei ya kuruka. Msako ulipoanza, bidhaa zikaibuka mahali pasipotarajiwa. Nyingine zilikuwa zimefichwa majumbani, nyingine zilitupwa usiku na wenyewe, wakiogopa kukutwa nazo. Aliyeongoza kampeni hiyo ni hayati Edward Moringe Sokoine, wakati huo akiwa na umri wa miaka 44.

Sokoine alizaliwa Agosti 1, 1938 huko Monduli, katika jamii ya wafugaji. Alisoma Monduli na baadaye Umbwe, Moshi. Alijiunga na TANU mwaka 1961, akaenda Ujerumani Magharibi kusomea utawala, na aliporejea akafanya kazi ya utendaji katika wilaya ya Masai. Mwaka 1965 akachaguliwa mbunge. Akawa naibu waziri, kisha Waziri wa Ulinzi mwaka 1972, na Februari 1977 akateuliwa Waziri Mkuu.

Kipindi hicho cha kwanza kilikuwa kigumu. Vyama vikuu vya ushirika vilikuwa vimevunjwa mwaka 1976, na mkulima akabaki kuuza kwa mamlaka za mazao zilizochelewa kulipa. Ikaja vita ya Kagera mwaka 1978, na bei ya mafuta ikapanda duniani. Fedha za kigeni zikakauka. Sokoine aliacha wadhifa mwaka 1980, nafasi yake ikachukuliwa na Cleopa Msuya, kisha akarudi Februari 1983.

Jukwaani hakuwa mtu wa mizaha kama Mwalimu Nyerere. Alizungumza kwa maneno ya kawaida, bila madoido, na watendaji walimwogopa zaidi kwa ufuatiliaji wake kuliko kwa sauti yake. Mkulima aliyelipwa kwa stakabadhi badala ya fedha alimwona kuwa ni mtetezi wake.

Mwenye duka dogo alikuwa na hadithi nyingine. Sheria ya uhujumu uchumi iliyopitishwa Aprili 1983 iliunda mahakama maalumu ambako mshitakiwa hakuruhusiwa kuwa na wakili wala kukata rufaa. Maelfu walikamatwa, na si wote walikuwa walanguzi wakubwa. Mwenye katoni chache za sabuni naye alikosa usingizi. Sheria hiyo ilifutwa mwaka uliofuata na kuwekwa nyingine.

Kiuchumi, msako ulitoa nje kile kilichokuwa kimefichwa, lakini haukuongeza hata mche mmoja wa sabuni. Viwanda vilikuwa vinakosa malighafi na vipuri, na mkulima aliyelipwa bei ndogo hakuwa na sababu ya kuongeza shamba. Ghala likishamalizika, rafu hubaki tupu vilevile. Ulanguzi ulizaliwa na uhaba, ingawa ni kweli pia kwamba wapo walionenepa kwa uhaba huo.

Yapo mambo mengine ya kipindi hicho yasiyosimuliwa sana, pengine kwa sababu hayakuwa na kishindo. Mwaka huo huo wa 1983 watu binafsi waliruhusiwa kubeba abiria mjini Dar es Salaam, biashara ambayo kwa miaka mingi ilikuwa ya shirika la umma, na hapo ndipo daladala zilipopata uhalali. Sera ya Kilimo ya mwaka huo nayo ilitoa nafasi kwa wakulima binafsi, na vyama vya ushirika vikawa njiani kurudi.

Aprili 12, 1984, Sokoine alikuwa akitoka bungeni Dodoma kwenda Dar es Salaam kwa gari. Eneo la Dakawa, Morogoro, gari lake liligongana na jingine, naye akafariki dunia. Mwalimu Nyerere alilitangazia taifa msiba huo kupitia redio. Alizikwa kwao Monduli. Mwaka huo huo Chuo Kikuu cha Kilimo cha Morogoro kilianzishwa kwa jina lake.

Miezi miwili baada ya kifo chake, bajeti ya Juni 1984 iliruhusu mtu mwenye fedha zake za kigeni kuagiza bidhaa kutoka nje bila kuulizwa alizipataje. Khanga na sabuni zikaanza kurudi madukani.