Elijah Masinde, uhamisho wa Lamu, na swali la nani alipe kodi

Sisi watu wa Pwani hulichanganya jina hili. Tukisikia Masinde tunamfikiria Masinde Muliro, mwanasiasa aliyefariki 1992, ambaye chuo kikuu cha Kakamega kinaitwa kwa jina lake. Ninayemzungumzia leo ni mwengine: Elijah Masinde wa Maeni, Kimilili, aliyezaliwa yapata 1910, mwasisi wa Dini ya Msambwa. Huyu ni mgeni wetu wa lazima. Serikali ya kikoloni ilimkamata 1948 ikamleta Lamu, na uhamisho wake haukwisha mpaka mwanzo wa miaka ya 1960.

Nimemkumbuka kwa sababu kila Mswada wa Fedha ukifika bungeni twasikia ubishi ule ule: ati ukiwatoza zaidi wenye mishahara mikubwa na makampuni, unajenga uchumi au unaubomoa? Wengine husema matajiri wataondoka na mitaji yao. Wengine husema wao ndio wenye nacho, basi watoe. Ubishi huu si wa jana. Ulifanyika Kenya hii hii miaka mia moja iliyopita, na maisha ya Masinde yamo ndani yake mwanzo hadi mwisho.

Tuanze na mahali. Ukitoka Bungoma mjini kuelekea Mlima Elgon unapita Kabuchai, na humo mna Chwele, soko kubwa la mazao ambalo wafanyabiashara wa nafaka na mboga wanalijua vizuri. Mbele kidogo ni Kimilili. Hii ni nchi ya Wabukusu, na udongo wake una rutuba ya kumtia wivu mkulima wa kwetu. Waingereza waliwavamia 1895, katika vita vya Lumboka na Chetambe, na watu wengi waliuawa. Baada ya bunduki kikaja kitabu cha kodi.

Kodi ya nyumba ilianzishwa 1901. Haikuuliza mtu ana nini. Ilihesabu mapaa. Mwenye ng'ombe mia na mwenye kuku watatu walilipa sawa kwa kila nyumba, na mwenye wake wawili alilipa mara mbili kwa sababu ana nyumba mbili. Mwaka 1910 ikaongezwa kodi ya kichwa kwa wanaume wasio na nyumba. Watawala hawakuficha shabaha yao: walitaka fedha, ndiyo, lakini pia walitaka kumtoa mtu shambani kwake aende kutafuta kibarua kwa mzungu. Kufikia 1921 kiwango kilikuwa kimefika shilingi 16, wakati ule ule waajiri wakipunguza mishahara ya vibarua. Harry Thuku alipolipinga hilo alikamatwa Machi 1922, watu wakapigwa risasi Nairobi, naye akapelekwa Kismayu. Ndipo kodi iliposhushwa hadi shilingi 12.

Sasa tazama upande wa pili wa Bungoma. Trans Nzoia, ardhi ambayo Wabukusu walikuwa wakichungia na kulima, iligawiwa walowezi, wengi wao askari waliotoka Vita Vikuu vya Kwanza, na reli ikafika Kitale 1926. Mwafrika aliyebaki kwenye mashamba hayo aliitwa skwota, na sheria ya 1918 ilimtaka amfanyie kazi mwenye shamba siku 180 kwa mwaka.

Mlowezi mwenyewe alilipa nini? Serikali ilijaribu kuleta kodi ya mapato 1921, yaani kodi inayofuata kipato cha mtu. Walowezi na wafanyabiashara wakapiga kelele kwamba nchi changa haiwezi kubeba mzigo kama huo na kwamba mitaji itakimbia. Kufikia 1922 ikafutwa. Pengo likazibwa kwa kupandisha ushuru wa bidhaa zinazoingia bandarini kwetu Mombasa, na ushuru huo ulipangwa namna ya kuilinda ngano na bidhaa nyengine za mlowezi zisishindwe na za nje. Kwa hiyo mtu mmoja akasamehewa kodi, kisha akalindiwa bei. Mwengine alilipia paa lake, akalipia na bei ya dukani.

Masinde alikulia katika hesabu hiyo. Alisoma kidogo katika misheni ya Marafiki, wale waitwao Wakweka. Alikuwa hodari wa mpira. Alichezea Kenya dhidi ya Uganda katika Kombe la Gossage. Kisha akaajiriwa na baraza la kienyeji la Kimilili kupeleka samansi. Kazi hiyo, nadhani, ilimfundisha kuliko shule, kwa sababu mpeleka samansi huingia katika nyua za watu siku ambayo deni limewafika shingoni. Kanisa lilimtenga alipooa mke wa pili, jambo ambalo kwetu lisingemtoa mtu msikitini.

Wakati yeye akipeleka samansi, uchumi ule uliosemekana utastawi kwa kuwaacha wakubwa bila kodi ulikuwa taabani. Mporomoko wa bei za dunia wa 1929 na kuendelea uliwakuta walowezi na madeni. Serikali ikafungua Benki ya Ardhi 1931 kuwakopesha. Fedha za umma, basi, zilikuwapo. Swali ni zilitoka kwa nani. Uingereza ilimtuma Lord Moyne kuja kuangalia mahesabu 1932, naye akaona kwamba Waafrika wanatoa kingi na kupata huduma chache, akapendekeza kodi ya mapato. Walowezi wakagoma tena. Ilipatikana mwisho mwaka 1937, baada ya ripoti nyengine ya Sir Alan Pim.

Je, walikimbia? Sensa ya 1931 iliwahesabu Wazungu 16,812 katika Kenya. Ile ya 1948, miaka kumi na moja baada ya kodi ya mapato, iliwahesabu 29,660. Sitasema kodi ndiyo iliyowavuta. Vita vilikuwa vimekwisha na serikali ilikuwa ikiwapa ardhi maveterani wake. Lakini aliyetishia kwamba kodi itafukuza watu alipewa jibu lake kwa tarakimu. Mtu hakai mahali kwa sababu ya kodi peke yake. Hukaa kwa ardhi, reli, soko, polisi na mahakama, na hivyo vyote hulipiwa na kodi ya mtu fulani.

Ila kodi hiyo haikumfikia Masinde kama nafuu. Kodi ya nyumba na ya kichwa ziliendelea, na vita vya 1939 vikaleta mengine. Kuanzia 1942 sheria za dharura ziliruhusu Waafrika kulazimishwa kufanya kazi katika mashamba ya walowezi. Mwaka huo huo serikali ikamhakikishia mlowezi bei ya mahindi, na gunia la Mwafrika likanunuliwa kwa bei ya chini kuliko la mlowezi, mahindi yakiwa ni yale yale. Huu nao ni ushuru, ingawa hauna risiti.

Hapo ndipo dini yake ilipoota, kati ya 1942 na 1943. Msambwa ni mambo ya wahenga, na mafundisho yake yalichanganya mizimu ya Kibukusu na Biblia. Mimi Mwislamu siwezi kuyapokea hayo kama imani. Lakini malalamiko yaliyomo sikuona haja ya kuyatafutia tafsiri: wageni warudi kwao, ardhi irudi, kazi ya lazima ikome. Mwaka 1944 yeye na wenzake waliwakabili waliokuja kukusanya vibarua, wakakataa pia amri ya kung'oa magugu. Mahakamani akakataa kutoa dhamana ya kukaa kwa amani. Serikali ikaamua kwamba mtu anayeongea hivi hana akili timamu, ikampeleka hospitali ya Mathari, Nairobi, akakaa huko hadi 1947.

Alipotoka aliwakusanya maelfu kuwakumbuka waliouawa 1895. Februari 1948 huko Malakisi polisi walilifyatulia risasi kundi la wafuasi wake, watu 11 wakafa. Siku chache baadaye alikamatwa, dini ikapigwa marufuku, naye akaanza safari ya kuja baharini.

Lamu ilichaguliwa kwa sababu ni kisiwa, mbali na kwao, na lugha na dini ni tofauti. Wakubwa wale walikuwa wameshafanya kinyume chake. Mekatilili wa Menza wa Wagiriama, aliyepinga kodi na uchukuaji wa vibarua 1913, alitolewa Pwani akapelekwa Kisii, akatoroka akarudi kwao. Wa Pwani hupelekwa magharibi, wa magharibi huletwa Pwani. Shauri ni moja.

Nataka kusema jambo juu ya neno lenyewe ushuru. Limetoka katika Kiarabu, ushr, sehemu moja ya kumi, na sisi tuliokulia katika zaka tunaijua hesabu yake. Shamba la mvua hutoa moja ya kumi. Shamba ambalo mwenyewe amelimwagilia kwa gharama hutoa nusu ya hiyo. Asiyefikia nisabu hadaiwi kitu. Yaani kabla ya kuuliza umevuna kiasi gani, sheria inauliza umetumia nini kuvuna. Kodi ya nyumba haikuuliza swali hilo. Na leo?

Sheria ya Fedha ya 2023 iliweka daraja mpya: mshahara unaozidi shilingi 500,000 kwa mwezi ukatozwa asilimia 32.5 kwa sehemu iliyozidi, na unaozidi 800,000 asilimia 35. Naliunga mkono hilo bila kusita. Lakini sheria hiyo hiyo ilipandisha VAT ya mafuta kutoka asilimia 8 hadi 16, na kodi ya mauzo ya biashara ndogo kutoka asilimia 1 hadi 3. Hii ya mwisho humkamata mwenye mauzo ya kati ya shilingi milioni 1 na milioni 25 kwa mwaka, na huhesabiwa juu ya mauzo, si faida. Mfanyabiashara wa mahindi Chwele akiuza mzigo wa shilingi milioni 2, faida yake ikawa 60,000 baada ya magunia, usafiri na kibanda, kodi ya asilimia 3 ni 60,000. Imemaliza faida yote. Kampuni kubwa hulipa asilimia 30, ndiyo, lakini ya faida. Ikipata hasara, hailipi.

Kwa hiyo nikiulizwa kama kuwatoza matajiri na biashara kunasaidia uchumi, siwezi kujibu maswali hayo mawili kwa pumzi moja. Mwenye kipato kikubwa akitozwa zaidi, hupunguza akiba yake. Muuza mahindi akitozwa mauzo yake, hupunguza magunia atakayonunua kwa mkulima wa Kabuchai msimu ujao. Na serikali iliyoshindwa kumgusa wa kwanza humrudia wa pili daima, maana yeye hana wakili wala chama cha kumpigia kelele. Vijana waliojaa mitaani Juni 2024, mpaka mswada wa mwaka huo ukaondolewa, walikuwa wakipinga hilo hasa, na wengi wao hawajawahi kulisikia jina la Masinde.

Yeye alirudi Maeni akaikuta nchi inakaribia uhuru. Dini yake iliruhusiwa 1964, ikapigwa marufuku tena 1968, naye akaingia na kutoka jela za serikali huru kama alivyozoea jela za mkoloni. Hakuwa mtu mwepesi, na sitamfanya walii. Wafuasi wake walikuwa na visa vya kuchoma na kutisha, na serikali yoyote ingewauliza. Lakini hesabu aliyoilalamikia iligeuka jina tu. Kodi ya ngazi iliyokuwa ikikusanywa kwa kila mtu kulingana na kipato chake ilifutwa kufikia 1974, na kodi ya mauzo ya bidhaa ikaanza 1973. Wengi waliifurahia, maana waliichoka ile ya kukimbizana na askari wa baraza. Ila mzigo ulikuwa umehama tena, kutoka kwenye kipato kwenda kwenye bei ya dukani, kama 1922. Masinde alifariki 1987. Mwaka 1990 kodi ya mauzo ikawa VAT.

Mswada mwengine utakuja Juni. Ningekuwa mbunge wa Kabuchai, au wa Lamu Mashariki, ningeacha ile asilimia 35 ilivyo, na nguvu zangu zote ningezitia katika ile asilimia 3: irudishwe 1, au ihesabiwe baada ya kuondoa gharama za mzigo, kama wanavyohesabiwa wakubwa.