Kwa nini muuguzi hutoka eksirei inapopigwa? Maisha ya Marie Curie yanajibu

Wagonjwa wengi huuliza: kama mionzi ya eksirei haina madhara kwangu, mbona wahudumu wanatoka chumbani? Jibu tunalipata katika maisha ya Marie Curie.

Alizaliwa Warsaw, Poland, mwaka 1867. Chuo kikuu cha huko hakikupokea wanawake, hivyo alifundisha watoto majumbani na kumsaidia dada yake kusomea udaktari Paris. Mwaka 1891 naye alikwenda huko kusoma. Aliolewa na mwanasayansi Pierre Curie, na mwaka 1898 waligundua poloniamu na radiamu. Walifanya kazi katika banda bovu, wakishika madini hayo bila kinga. Vidole viliungua na uchovu haukuwaisha. Marie alipata Tuzo ya Nobel mara mbili, mwaka 1903 na 1911.

Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoanza mwaka 1914, majeruhi wengi walikuwa mbali na mashine za eksirei. Marie alifunga mashine hizo kwenye magari na kuyapeleka karibu na uwanja wa vita, ili madaktari waone risasi ilipo kabla ya kupasua. Alifundisha wanawake wapatao 150 kuziendesha. Binti yake Irène, aliyesomea uuguzi, alikuwa bega kwa bega naye. Zaidi ya wanajeshi milioni moja walipigwa picha. Lakini kinga ya wahudumu ilikuwa duni.

Marie alifariki Julai 4, 1934, akiwa na miaka 66. Uboho wa mifupa yake ulikuwa umeshindwa kutengeneza damu. Irène alifariki kwa saratani ya damu mwaka 1956. Hadi leo madaftari ya Marie yanahifadhiwa katika masanduku ya risasi kwa sababu bado yanatoa mionzi.

Tofauti kati yako na muuguzi ni hii: wewe unapigwa picha mara chache, na kila moja ina mionzi kidogo. Yeye yupo hapo kila siku, na dozi ndogo ndogo hujumlishana. Haba na haba hujaza kibaba. Ndiyo maana viwango vya kimataifa vinataka mfanyakazi asizidishe wastani wa milisiveti 20 kwa mwaka, avae kifaa kidogo kifuani kinachopima mionzi, na akiwa mjamzito atoe taarifa mapema. Umbali nao ni kinga: ukisimama mbali mara mbili, mionzi inayokufikia hupungua hadi robo. Muuguzi anayejua vipimo vyake viko salama hufanya kazi kwa utulivu, na mgonjwa hufaidika.

Mzazi, mtoto akihitaji kushikwa wakati wa picha, usimwachie muuguzi kazi hiyo. Mshike wewe au ndugu mwingine, ukiwa umevaa aproni ya risasi. Mjamzito asimshike. Kama wewe ndiye unayepigwa picha na huenda una mimba, sema kabla. Tunza picha za zamani ili zisirudiwe bila sababu. Lakini daktari akisema picha inahitajika, usiikatae kwa hofu. Faida yake ni kubwa kuliko hatari.

Na muuguzi akitoka nje kabla ya picha, hajakutelekeza. Anajilinda ili kesho awepo kumhudumia mwingine.