Marie Nyswander, daktari aliyemwona teja kuwa ni mgonjwa

Wanaokwenda kila siku kwenye kliniki ya methadoni Malindi, au zile za Mombasa na Kwale, hunywa dawa yao mbele ya mhudumu kisha wakashika njia zao. Nyuma yao maneno hayakosi. Kuna wasemao kwamba serikali imeamua kuwagawia mateja unga wa bure. Kuna wazazi wanaoona aibu kuwasindikiza watoto wao. Basi leo tumtazame mwanamke aliyeshiriki kuianzisha tiba hii miaka 60 na zaidi iliyopita, kwani mashaka tuliyo nayo sisi yalimpitia yeye kwanza.

Marie Nyswander alizaliwa mwaka 1919 mjini Reno, jimbo la Nevada, huko Marekani. Wazazi wake walitengana, akalelewa na mamake, Dorothy, msomi aliyejijengea jina kubwa katika elimu ya afya ya jamii. Marie alihitimu udaktari katika Chuo Kikuu cha Cornell mwaka 1944, vita vya dunia vikiwa bado vimepamba moto. Alijiunga na jeshi la wanamaji akitumaini kuwa daktari wa upasuaji, lakini jeshi halikutaka mwanamke katika kazi hiyo. Akaishia kupelekwa Lexington, jimbo la Kentucky, kwenye hospitali ya serikali ya watumiaji wa dawa za kulevya.

Hospitali hiyo iliyofunguliwa mwaka 1935 ilikuwa nusu hospitali, nusu jela. Waliohukumiwa na mahakama walichanganywa na waliokwenda kwa hiari yao kutafuta afueni. Daktari yule kijana aliona watu wakidharauliwa na wale wale waliolipwa kuwatibu, na jambo hilo lilimkera. Aliona pia kitu ambacho kila familia yenye mtumiaji hapa kwetu inakijua. Mtu alikaa ndani miezi, mwili ukasafika, akanenepa, akatoka anapendeza. Baada ya muda mfupi, alikuwa amesharudi kule kule.

Nyswander alihamia New York, akasomea tiba ya magonjwa ya akili. Miaka ya 1950 alikuwa miongoni mwa madaktari wachache waliokubali kuwapokea watumiaji wa heroini, wakiwemo wanamuziki wa jazi. Mwaka 1956 alichapisha kitabu ambacho jina lake tu lilikuwa hoja: kwamba mtumiaji ni mgonjwa. Baadaye akawahudumia watu wa East Harlem, mtaa wa watu maskini ambao unga ulikuwa umeuingia nyumba kwa nyumba.

Miaka yote hiyo aliamini kama tunavyoamini wengi wetu. Mwachishe mtu, kaa naye, zungumza naye, mpe moyo, atapona. Alijitahidi hivyo kwa mikono yake na akahesabu matokeo yake. Wagonjwa wake walirudia, mmoja baada ya mwingine. Angeweza kuwalaumu kuwa hawana nia. Badala yake alikiri kwamba tiba yake ndiyo iliyoshindwa, akaanza kutafuta nyingine.

Nafasi ilipatikana alipokutana na Dkt. Vincent Dole wa Taasisi ya Rockefeller, mtafiti wa namna mwili unavyotumia chakula. Dole alikuwa amekisoma kitabu cha Nyswander, akamwalika wafanye kazi pamoja. Mwaka 1964, wakisaidiwa na daktari chipukizi Mary Jeanne Kreek, waliwalaza wagonjwa wao wa kwanza. Haikuwa kazi ya salama. Sheria ya Marekani ya mwaka 1914, kwa jinsi ilivyotafsiriwa, ilimweka hatarini daktari yeyote aliyempa mtumiaji dawa ya jamii hiyo kwa muda mrefu, na maafisa wa kupambana na dawa za kulevya walimfuata Dole kumwonya.

Kwanza walijaribu kuwapa wagonjwa mofini. Haikufaa. Kipimo kilipanda kila mara, na wagonjwa walikaa tu wakingojea sindano inayofuata. Wakabadilisha, wakawapa methadoni, dawa iliyokuwa imetengenezwa Ujerumani kabla ya vita kwa ajili ya maumivu. Siku zilivyopita waliona ajabu. Mgonjwa mmoja aliingia kuchora picha kwa bidii. Mwingine alitaka aruhusiwe kumaliza masomo yake ya sekondari. Watu ambao mawazo yao yote yalikuwa juu ya kete ijayo walianza kuwaza maisha.

Sababu yake si ngumu kuelewa. Heroini hupanda haraka na kushuka haraka, na ikishuka arosto huanza, ndiyo maana mtu huiba hata sufuria ya mamake. Methadoni hunywewa mara moja kwa siku, hufanya kazi polepole, na hutuliza mwili kwa saa 24 au zaidi. Kwa kipimo sahihi, mtu halewi wala hapati arosto, na hata akitumia heroini haimpi raha aliyoizoea.

Mwaka 1965 walichapisha matokeo ya wagonjwa 22 katika jarida la Chama cha Madaktari cha Marekani. Mwaka huo huo Nyswander na Dole walioana. Tiba ilienea, na kufikia miaka ya 1970 wagonjwa walikuwa maelfu kwa maelfu. Lawama nazo zilikuja, na ni zile zile tunazozisikia barazani: mnabadilisha unga kwa unga. Jibu lao lilikuwa kwamba ugonjwa huu umebadilisha mwili wenyewe, na mgonjwa wake huenda akahitaji dawa muda mrefu kama mgonjwa wa sukari anavyohitaji insulini.

Hawakudai kwamba dawa peke yake inatosha. Walisisitiza kazi, masomo na heshima. Mwaka 1976 walilalamika hadharani kwamba masharti mengi na dharau kwa wagonjwa vilikuwa vikiidhoofisha tiba yao. Nyswander alifariki kwa saratani mwaka 1986, akiwa na miaka 67. Mwaka 2005 Shirika la Afya Duniani liliiweka methadoni katika orodha ya dawa muhimu. Muhimbili, Dar es Salaam, walianza kuitoa mwaka 2011. Hapa Kenya ilianzia Mathari, Nairobi, mwishoni mwa 2014, na mwaka uliofuata ikafika Malindi.

Ndugu zangu, methadoni ina hatari zake. Inamzoesha mtu, ikizidishwa au ikichanganywa na vidonge vya usingizi au pombe inaua, na ndiyo maana hutolewa chini ya uangalizi. Mwenye swali la kidini awaulize mashekhe wetu, ila awaeleze kwanza tiba ilivyo, asiwapelekee uvumi. Na mzazi mwenye kijana aliyeko kwenye dawa asimharakishe kuiacha ili majirani wanyamaze. Wengi wanaoiacha kabla ya wakati hurudi kwenye sindano, na wengine hatuwapati tena. Uamuzi huo ni wa kijana na daktari wake. Kazi yetu ni kumwekea sahani yake mezani, kumtafutia kibarua na kumwita kwa jina alilopewa na wazazi wake.